Barua za Wazazi: Ukiitwa Mezani, Usiende Kulia

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: watoto wanaochukuliwa na serikali huku Marekani, na wazazi waliopitia hayo ambao sasa wanaitwa kusaidia kurekebisha mambo. Nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mama wa Fizi, Kongo, niliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na watoto wangu wa kwanza nikawazalia hukohuko. Huku Marekani watoto wangu walichukuliwa, wakarudi, na leo kazi yangu ni kusindikiza wazazi wengine wenye kesi. Jimbo silitaji, kwa sababu watoto wamekua na wana majina yao ya kulinda. Majina ya walioniandikia nimeyaondoa pia.

MIMI SINYWI HATA BIA, WANANILETEA MTU WA DAWA ZA KULEVYA?

Mama, salamu. Niko Cedar Rapids, Iowa. Shuleni walimkuta mwanangu wa miaka 9 na alama za mkanda mgongoni, wakapiga simu, na sasa yeye na mdogo wake wa miaka 6 wako kwa familia ya fosta, yaani ya kuwalea kwa muda. Nimekubali kwenda kortini na kwenye mafunzo ya malezi. Lakini wameniletea mwanamke wa Kizungu, mikono yote imejaa tatuu, ananiambia bila haya kwamba na yeye watoto wake walichukuliwa kwa ajili ya dawa za kulevya. Mimi ni mzee wa kanisa. Huyu ana nini cha kunisaidia? — Baba wa wawili

Jibu: Baba, shikamoo kama umenizidi umri. Nakuelewa vizuri, na bado nakuambia mkaribishe huyo mama, mpe chai.

Mpango uliomleta kwako unaitwa Parent Partners. Ulianza Iowa mwaka 2007, na leo uko katika kaunti zote 99 za jimbo hilo. Anayefanya kazi hiyo ni mzazi aliyechukuliwa watoto, akahangaika, wakarudi, na nyumba ikatulia. Si mfanyakazi wa kesi yako wala si hakimu, na hakuja kukuachisha pombe usiyokunywa. Amekuja kwa sababu anaijua ile korido ya korti kuliko mchungaji wako, na pengine kuliko wakili wako, ambaye mara nyingi utaonana naye dakika chache tu kabla ya kuitwa ndani.

Aliyenisindikiza mimi alikuwa na historia hiyohiyo ya dawa, hata meno ya mbele yalikuwa yamekwisha. Kesi yangu ilikuwa ya zamu ya usiku: mimi kiwandani kwenye nyama, binti mkubwa amebaki na wadogo zake, jirani akapiga simu. Hatukufanana kwa lolote, tukawa tunaelewana kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na kwa mikono. Tulipoonana mara ya kwanza alitoa daftari la shule kwenye pochi, akanipa na kalamu: andika tarehe, saa, nani amekupigia, kasema nini. Baadaye akaniambia jambo ambalo Mwafrika mwenzangu asingeliona, maana sote tunalifanya. "Hakimu akikusemesha unaangalia chini. Najua kwenu ni heshima. Hapa wataandika kwamba unaficha kitu." Akaniambia pia kwamba basi likichelewa nipige simu kabla ya saa ya kuwaona watoto haijafika. Saa hiyo ikipita kimya inaandikwa kwamba mama hakutokea, na sentensi hiyo itasomwa mbele ya hakimu miezi mingi baadaye, wakati hakuna tena anayelikumbuka lile basi.

Hayo ndiyo atakayokupa huyo mwanamke. Wewe nawe muulize mapema, bila kuzunguka: nikikuambia jambo, unalipeleka kwa nani? Akujibu wazi, mjuane.

Kuhusu mkanda, utasikia jumuiyani kwamba Marekani kumgusa mtoto ni jinai. Sheria haisemi hivyo; majimbo yote 50 bado yanamruhusu mzazi kumpiga mtoto wake kwa kiasi. Ila alama ikionekana mwilini, hicho "kiasi" hakikupimi wewe tena, wanakipima wao, na mwalimu aliyeiona analazimika kisheria kuripoti hata kama anakupenda. Usitumie siku zako za kortini kumweleza hakimu jinsi baba yako alivyokulea. Mweleze unafanya nini sasa.

Na angalia saa. Sheria ya shirikisho ya 1997 inasema mtoto akikaa fosta miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo linatakiwa lianze kuomba haki zako za uzazi zifutwe, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano mtoto akiwa analelewa na ndugu. Iowa ni wakali zaidi: kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea wanaweza kuomba baada ya miezi 12 kati ya 18, na kwa mdogo wa miaka 3 kushuka chini ni miezi 6 tu. Kwa hiyo usipoteze hata wiki moja ukibishana na tatuu za mtu.

WAZEE WANASEMA NAANIKA SIRI ZA NYUMBA

Dada mpendwa, kesi yangu ilifungwa mwaka jana na watoto wangu wanne wote wako nyumbani. Sasa ofisi ya kaunti hapa Ohio wamenipigia simu, wanataka niingie kwenye baraza la wazazi la kuwashauri. Mume wangu anaogopa kwamba wataifufua kesi. Wazee wa jumuiya yetu wanasema ni kwenda kuanika siri za nyumba mbele ya Wazungu. Mimi moyo unataka, ila sijui nitasema nini cha maana. Nimeishia darasa la sita. — Mama wa wanne

Jibu: Dada, nianze na wazee, kwa heshima zao. Siri gani wanayoizungumzia? Siku gari la kaunti liliposimama mlangoni na watoto wakatolewa na nguo zao kwenye mifuko ya takataka, ghorofa nzima ilikuwa dirishani. Siri iliisha siku ile. Kilichobaki ni kwamba kisa chako kinasimuliwa na kila mtu isipokuwa wewe. (Ile mifuko ya takataka, kwa taarifa ya wazee, majimbo kadhaa sasa yametunga sheria kwamba mtoto apewe begi. Aliyeyapigia kelele ni nani? Vijana waliobebewa nguo zao kwenye mifuko hiyo.)

Mume wako hofu yake ina msingi, usimcheke. Kabla hujasaini chochote, omba wakuandikie kwamba utakayosema barazani hayaingii kwenye faili lako, na umwonyeshe wakili aliyekusimamia. Kesi iliyofungwa haifunguliwi kwa sababu mtu ametoa maoni kikaoni. Lakini kama nyumbani kuna jambo linaloendelea sasa hivi, hapo si mahali pa kulitolea. Na mambo ya watoto usiyatoe kabisa. Binti yako ana nini mwilini, nani alimfanya nini, alisema nini kwa daktari wa akili: hayo ni yake, atayasema mwenyewe akikua, akipenda.

Sasa utasema nini. Darasa la sita linatosha, kwa sababu hawakukuitia Kiingereza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi walio kwenye ofisi zile wamekisoma kitanda hicho chuoni tu. Ngoja nikupe mfano wa kikao kimoja nilichokaa.

Walikuwa wanatengeneza upya fomu inayojazwa mtoto anapopelekwa fosta. Ilikuwa na namba ya bima, mzio, dawa, darasa, chanjo. Wakauliza kama kuna la kuongeza. Mimi nikawaambia habari ya mwanangu wa pili. Jina lililoko kwenye karatasi zake za UNHCR hakuna mtu aliyewahi kumwita nalo. Tangu azaliwe nyumbani ni Kadogo. Alipofikishwa kwa ile familia ya fosta wakawa wanamwita kwa jina la karatasi, naye haitiki. Wanaita, anaendelea kucheza na kigari. Wakampeleka kupimwa masikio. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mtoto huenda ana tatizo la kusikia, na mimi nikaulizwa kortini kwa nini sikuwahi kumtibu. Tena alikuwa hali, kwa sababu walikuwa wanamwekea makaroni ya jibini, na yeye alikuwa hajawahi kuona jibini. Kinachomfanya ale ni ugali na dagaa, na dada yake amwanzie tonge la kwanza.

Mle chumbani kukawa kimya. Kisha mwanamme mmoja, mkubwa wa idara, akauliza: "Kwa hiyo tuongeze nini?" Nikamwambia mistari miwili. Nyumbani anaitwaje. Anakula nini na analala na nani. Ikaongezwa. Yule mwanamme alikuwa na miaka mingi kazini na shahada ukutani, na hakuwa mtu mbaya, ila mistari hiyo asingeiwaza hata apewe mwaka mzima.

Umeona nilichofanya? Sikuwaeleza jinsi nilivyolia. Nililia, ndiyo, lakini wao hawana cha kufanya na machozi yangu. Wataniletea tishu, watanishukuru kwa ushujaa wangu, watafunga kikao. Dada, ukiitwa mezani usiende kulia. Nenda na tundu moja ulilotumbukia, waonyeshe liko wapi hasa, waambie lizibwe na nini.

Sehemu kadhaa sasa wana desturi kwamba mlezi wa fosta ampigie simu mzazi usiku ule wa kwanza, amuulize mtoto analalaje na anakula nini, naye mtoto asikie sauti ya mama. Simu ya dakika kumi, haina gharama. Wazazi wakikaa mezani ndivyo vitu wanavyoleta, vidogo vyenye uzito.

Na vikubwa navyo vipo. New York wazazi waliopitia kesi walianza kujipanga zamani. Shirika lao la Child Welfare Organizing Project lilianzishwa mtaa wa East Harlem katika miaka ya 1990, na wengine wakawa wanaandika visa vyao kwenye jarida la Rise tangu 2005. Kulikuwa na daftari la serikali la watu waliotuhumiwa kuwatendea vibaya watoto. Mfanyakazi wa ofisi akiona kuna dalili fulani tu, bila hakimu, jina lako linaandikwa, na linaweza kukaa humo mpaka mtoto wako mdogo afikishe miaka 28. Ukiomba kazi ya kulea watoto, wanachungulia, wanakukatalia. Wazazi, pamoja na mawakili wao, wakalipigia kelele miaka kwa miaka mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 2020, ikaanza kutumika Januari 2022: sasa ushahidi lazima uwe mzito zaidi, na kama kosa lilikuwa la kutomtunza mtoto ipasavyo, waajiri hawalioni tena baada ya miaka 8. Wewe unajua wanawake wetu wangapi wanaishi kwa kazi za kutunza watoto na wazee. Fikiria.

Takwimu pia zipo kama ofisi yako inapenda takwimu. Kaunti ya Contra Costa, California, watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley walilinganisha wazazi waliopewa mzazi wa kuwasindikiza na wenzao waliokuwa na kesi kabla mpango haujaanza. Katika miezi 18, watoto karibu 60 kati ya kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamerudi nyumbani. Wa kundi la pili ni 26 hivi. New York nako utafiti uliotoka 2019 uliwaangalia wazazi waliotetewa na timu nzima, yaani wakili, mtu wa ustawi wa jamii na mzazi aliyewahi kupitia. Watoto wao walikaa fosta pungufu kwa siku 118 kwa wastani ndani ya miaka minne, bila usalama wao kupungua. Mtoto wa miaka mitatu, siku 118 ni muda wa kusahau lugha ya mama yake.

Nenda, dada. Masharti ya kwenda nayo yako kwenye jibu linalofuata. Soma ingawa si barua yako.

WAZAZI WANAKUJA MARA MOJA, HAWARUDI

Habari yako mama. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nafanya kazi upande wa pili, huko CPS, idara ya kulinda watoto. Wakubwa wangu wameanzisha kamati na wanataka wazazi waliopitia mfumo. Nimewaleta wazazi watatu, mmoja wao Mkongomani. Kikao cha kwanza walikuja wote. Cha pili akaja mmoja. Sasa nimebaki na viti vitupu na bosi ananiuliza kama jamii yetu haina interest. Nifanye nini? — Mtumishi

Jibu: Ndugu mtumishi, asante kwa ujasiri wa kuandika safu hii, maana wengi wa wasomaji wangu wakisikia CPS wanafunga pazia. Mambo ninayokuambia usiyachukue kama matusi.

Kikao chenu ni saa ngapi? Nitabahatisha: Jumanne saa nne asubuhi. Wewe pale unalipwa mshahara, bosi wako analipwa, mtu wa chuo kikuu analipwa, hata aliyeleta donati kalipwa. Mama wa Kikongo ameomba ruhusa kiwandani, amekatwa saa zake, amepanda mabasi mawili, halafu mwisho mmempa kadi ya duka ya dola 25 na mkamwomba asaini kwamba ameipokea. Angerudi kufanya nini?

Mlipeni. Pesa, si kadi, na kwa kiwango ambacho mngemlipa mtaalamu mwingine yeyote, pamoja na nauli na mtu wa kukaa na watoto. Lakini kabla hujampa hata dola moja kaa naye mpige hesabu, kwa sababu kuna jambo ofisi nyingi hazilioni: hela ikiingia kama kipato inaweza kumpunguzia stampu za chakula, yaani msaada wa chakula wa serikali, au kumpandishia kodi kama yuko kwenye nyumba ya ruzuku. Nimemwona mama akikimbia kamati kwa sababu hiyo tu, nao wakaandika kwamba hakuwa na ari.

Halafu mkalimani. Asiwe binti yake, wala yule kijana wa ofisini anayejua "jambo" na "hakuna matata". Karatasi za kikao zimfikie wiki moja kabla, kwa Kiswahili kinachosomeka, au azisomewe kwenye WhatsApp kwa sauti, kwa kuwa wazazi wengi wa kambini wanazungumza Kiswahili vizuri na hawakisomi. Hilo la sauti ni rahisi na sijaona ofisi inayolifanya.

Mzazi mmoja katikati ya maofisa kumi na wawili ni mapambo. Weka angalau watatu, na mmoja wao awe mwenyekiti mwenza mwenye kauli kwenye ajenda. Msimwombe kila mara asimulie siku watoto walipochukuliwa. Ameshasimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa hakimu. Mwulizeni anaonaje hii fomu, huu utaratibu, hii barua. Na alichopendekeza mwezi uliopita, mwezi huu mwambieni kimefika wapi. Kama kimekataliwa, mwambieni kimekataliwa na nani na kwa nini. Watu wetu wanavumilia kukataliwa. Kupuuzwa ndiko kunakowaondoa.

La mwisho ni lako wewe mtumishi, maana uko ndani. Angalia masharti ya ajira ya ofisi yenu. Mahali pengi wanatangaza wanataka kuajiri wazazi waliopitia mfumo, halafu mzazi akiomba, anachunguzwa, jina lake linaonekana kwenye lile daftari la tuhuma, anakataliwa. Yaani kilichomfanya afae ndicho kilichomwangusha. Ukiweza kumfanya bosi wako abadilishe kipengele hicho kimoja, viti vyako vitajaa bila wewe kumpigia mtu simu.

NAMTAFSIRIA MAMA MBELE YA WATU WA KESI

Shikamoo mama. Nina miaka 19, niko Boise, Idaho. Mama ana kesi ya wadogo zangu. Kila wakija wananiambia nitafsiri mimi. Nisipokuwepo anatafsiri mdogo wangu wa miaka 12. Juzi walimuuliza mama kama baba anampiga, na mdogo wangu ndiye aliyeuliza hilo swali kwa Kiswahili. Ni sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Si sawa hata kidogo, na sheria iko upande wenu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya sita, inakataza ofisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na hiyo inaingia hadi lugha. Mkalimani ni jukumu lao na gharama ni yao. Mama akariri sentensi moja ya Kiingereza: "I need a Swahili interpreter." Mengine yote anyamaze mpaka mkalimani apatikane, iwe ni kwa simu. Na kama Kiswahili cha kwenye simu kinampita, kama lugha yake hasa ni Kibembe au Kifuliru, aseme hivyo. Ni bora kusubiri siku mbili kuliko kujibu "ndiyo" kwa swali ambalo hukulisikia. Wakili wake aombe kwa maandishi. Mweleze pia habari ya mdogo wako na lile swali. Analo la kufanyia kazi hapo.

Wewe ukitaka kusaidia, shika daftari.

NI KWELI WATOTO WETU WANAUZWA?

Mwanangu, mimi ni bibi, niko Kasulu. Watoto wa mwanangu wa kiume wamechukuliwa huko Texas, yeye na mkewe wanalia kwenye simu kila siku. Hapa watu wanasema huko Marekani serikali inachukua watoto wa Waafrika na kuwauza. Nina binti mwingine yuko Arizona, ana nyumba na mume mzuri. Je, siwezi kuletewa hawa watoto nikawalea mimi?

Jibu: Shikamoo bibi. Hawauzwi. Ila uvumi huo una mahali ulipochipukia, sitaki nikudanganye. Mzazi akifutiwa haki zake, mtoto huwekwa kwenye orodha ya kuasiliwa na familia nyingine, na ile sheria ya 1997 iliweka zawadi kwa majimbo: kila mtoto wa fosta aliyeasiliwa kuzidi idadi ya kawaida, jimbo lilipewa dola 4,000. Mtu akisikia hayo kwa nusu, anasema wanauza. Wazazi wengi waliopitia mfumo wamekuwa wakidai fedha za namna hiyo ziende kwanza kwenye kuzuia watoto wasitolewe nyumbani, na sheria ya 2018 imeanza kuelekea huko kidogo: majimbo sasa yanaruhusiwa kutumia fedha za fosta kulipia matibabu ya akili, ya dawa za kulevya na mafunzo ya malezi mtoto akiwa bado nyumbani. Kodi ya nyumba haimo, na hapo ndipo familia zetu nyingi zinapokwama.

Kuletewa Kasulu ni kugumu, bibi. Korti inataka mahali inapoweza kupakagua, na nchi nyingine ni mbali kwa mkono wao. Lakini huyo binti yako wa Arizona ndiye dawa. Sheria ya 2008 inaitaka ofisi iwatafute na kuwaarifu babu, bibi na ndugu wengine wazima ndani ya siku 30 tangu watoto wachukuliwe. Wanawatafuta wanaowajua tu, na mwanao kwa uchungu na aibu inawezekana hakutaja mtu. Mwambie leo amtajie wakili wake jina la dada yake, anwani na namba ya simu, na binti yako naye apige mwenyewe, asisubiri kupigiwa. Kwa kuwa ni jimbo jingine, Texas itaandikia Arizona, na Arizona itatuma mtu akague nyumba na kuchunguza rekodi za yeye na mumewe. Kunachukua miezi, ndiyo maana nasema leo. Wakati wakisubiri, waombe hakimu aruhusu shangazi aongee na watoto kwa video kila wiki, na wewe uingie kwenye simu hiyohiyo. Awaandikie pia ofisi majina mnayowaita hao watoto nyumbani.